Sanduku Lililompora Baba Uwanja

Niseme mapema kabla hamjaanza: sanduku lile halikuwa na dawa. Wapo watu wazima hapa Bariadi, wana wajukuu kabisa, ukiwagusia habari hii wanakukazia macho na kukwambia kwamba mwenye mashine ya kusaga alikuwa amechimbia kitu chini yake. Hakuchimbia. Baba yangu alilikagua kwa mikono yake mbele ya watu, na mimi ndiye niliyeshika kona moja likainuliwa. Chini kulikuwa na pumba za mahindi na mende wawili.

Baba alikuwa manju. Kwa asiyejua mambo ya kwetu Usukumani, manju ni yule anayetunga nyimbo za ngoma, anaziongoza, na kundi zima linaitwa kwa jina lake. Pamba ikishachumwa na kuuzwa, kiangazi kimeingia, watu hawana jembe mkononi, hapo ndipo mashindano yanapoanza. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hili linapiga duara lake huku, lile kule, na hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti akaandika maksi. Miguu ya watu ndiyo inayoamua. Jua likigusa ardhi, penye watu wengi ndipo penye ushindi, basi, hakuna kukata rufaa.

Kuna mwiko mmoja tu. Manju hatoki kwenye duara lake kwenda kuangalia la mwenzake. Hata akibaki na mbwa na kikongwe mmoja, anabaki na anaimba. Akitoka kwenda kuchungulia ameshindwa hapo hapo, hata kama jua bado liko utosini.

Na dawa zilikuwepo, sitawaficha. Kila manju alikuwa na yake ya kuvuta watu, anaifukia uwanjani asubuhi umande haujakauka. Ya baba ilikaa kwenye pembe ya swala. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka pembe ile ilale ndani ya nyumba yake, kwa hiyo ilining'inia kwenye banda la mbuzi, na mimi niliiogopa kuliko fisi.

Ila kama mnaniuliza mimi, baba hakuhitaji pembe. Watu walimfuata kwa miguu kutoka Zagayu. Wengine walitoka Mkula, wengine walipakizana kwenye baiskeli kutoka Sola, huko Maswa. Akinyanyua usinga wake, uwanja mzima ulinyamaza mpaka unasikia kuku wa jirani. Mtoto wa kike hakutegemewa kupiga ngoma uwanjani, lakini mimi nilikuwa kitinda mimba wake na kiherehere wake, akanifundisha kwenye dumu la mafuta ya taa nyuma ya nyumba. Kila siku alinirudishia somo lile lile. "Ukiona wachezaji wamepungua, usiongeze nguvu. Ongeza mwendo. Wakikimbia hao hao wachache, duara litajaa." Nilikuwa nalijua somo hilo kabla sijajua kusoma.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Sisi tuliokua wakati kipande cha sabuni kinapatikana kwa kujuana, tukaanza kuona vitu. Mara mitumba, mara redio kaseti za vioo vinavyomeremeta, mara wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zao, wakati zamani tulijua ushirika peke yake. Bariadi bado ilihesabiwa mkoa wa Shinyanga, habari ya Simiyu haijazaliwa, na umeme tuliusikia kwa wenzetu. Kila siku ya mnada kulikuwa na kitu kipya, na kila kitu kipya tulikizunguka kwanza tukakinusa.

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba. Akaacha kazi, akanunua mashine, akawa bosi mwenye kitambi chake. Siku moja akaenda Nairobi kutafuta vipuri, akarudi na vipuri na sanduku. Lilikuwa la mbao, limenizidi kimo, ubavuni limechorwa madude yenye macho makali, na usoni lina kioo kama cha televisheni. Nasema kama cha televisheni, lakini televisheni yenyewe wengi wetu tulikuwa hatujaiona. Nadhani huko lilikotoka lilikuwa limeshazeeka na wameshalichoka. Kwetu lilikuwa limeshuka kutoka mbinguni.

Alilitia kwenye chumba kilichopakana na mashine, akaweka jenereta dogo nje ya ukuta, akaziba dirisha kwa magunia maana mwanga wa jua ulikuwa unaiua picha.

Siku niliyolikuta nilikuwa nimetumwa kusaga. Pale kwenye mashine ulikuwa unapanga debe lako kwenye foleni, halafu unakwenda zako. Debe linakupangia foleni. Nilikuwa nakwenda zangu, nikasikia kitu ukutani. Du, du, du, du. Mapigo manne mazito, polepole, niliyasikia tumboni kabla ya masikioni. Nikajua humo ndani kuna mtu anapiga ngoma. Sasa mtoto wa manju atapitaje mlango wenye ngoma? Nikasogeza gunia nikaingiza kichwa.

Mama yangu! Giza, na ndani ya lile giza kuna mbingu. Nyuma kabisa mwezi umechorwa, na mbele ya mwezi yamepangwa madude ya mwanga, mistari mitano, yamenyooka kama matuta ya shamba la bwana shamba. Yalikuwa yanatembea. Yote kwa pamoja, hatua moja, na kila hatua ni pigo moja la ile ngoma. Yanakwenda mpaka pembeni, yanashuka kidogo, yanarudi. Huku chini kabisa kuna vibanda vinne, na chini ya vibanda kuna kitu kidogo cha kijani, umbo la kigoda, kinakwenda kushoto na kulia na kinatema moto kwenda juu, na yale madude nayo yanakidondoshea mabomu. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele ya kioo, anabonyeza vidude vitatu. Nikatazama vidole vyake, nikatazama kigoda, nikatazama tena vidole vyake. Ndipo nikaelewa kwamba kile kigoda ni yeye.

Sijui nieleze vipi. Kwetu mbingu ni mahali pa mvua. Tunaitazama kwa kuomba au kwa kulaumu, na ikinyima, imenyima. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kusimama huku chini akaijibu. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka debe langu likarukwa mara tatu, na niliporudi nyumbani mama alinichapa, na wakati ananichapa nilikuwa bado nasikia du, du, du, du.

Watoto wakayaita madude yale funza. Si funza wa miguuni, wale wa pamba, wanaotoboa vitumba mpaka mkulima anakaa kwenye tuta analia. Jina likashika. Kila aliyeingia chumba kile alikuwa na ugomvi wake na funza, kwa hiyo hata wazee waliokuja na madebe walikuwa wanapiga kelele: "Ua! Ua hao! Walinimalizia eka mbili!" Nimewahi kumwona bibi mmoja wa kilokole akikitolea kioo kile ngumi.

Mimi niliingiaje kucheza? Kwa picha kuruka. Sanduku lilikuwa na ugonjwa wake. Picha ilianza kupanda juu kama maji yanayochemka, mwenyewe ikabidi azunguke nyuma na bisibisi atafute skrubu. Sasa akiwa nyuma haoni mbele. Akahitaji mtu wa kusimama mbele na kumwambia, "Bado, bado, rudisha, hapo hapo!" Vijana walikuwa wanamdanganya ili wamcheke. Mimi sikumdanganya. Akanizoea, na ikitulia ananibonyezea swichi ya ndani, nacheza bure kuijaribu.

Basi nikajaribu weee. Mwezi haukuisha, hakuna kijana wa mnadani aliyenifikia. Siri yangu wala haikuwa macho. Nilisikiliza. Maana nilikuwa nimegundua kitu siku ya tatu, nikacheka kwa sauti peke yangu mpaka mwenye mashine akaniuliza kama nimerogwa. Funza wakiwa wengi, ngoma ilikwenda taratibu. Kadiri unavyowaua, wale waliobaki wanaongeza mwendo, na ngoma nayo inaongeza. Akibaki mmoja anakimbia kama mwendawazimu na ngoma imekuwa moja tu haina nafasi katikati. Wakipungua, ongeza mwendo! Lilikuwa somo la baba, neno kwa neno, ndani ya sanduku kutoka ng'ambo. Nilitaka kukimbia nyumbani nikamwambie.

Sikumwambia. Chumba kile kilikuwa cha vijana na sigara, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Akaja kujua mwenyewe, kwa njia mbaya. Siku ya mnada kundi lake lilikuwa linafanya mazoezi pembeni ya uwanja, na siku zote mazoezi tu yalijaza watu. Wiki ile watu wakawa haba. Wiki iliyofuata, haba zaidi. Wiki ya tatu akaona kwa macho yake mtu anaacha wimbo katikati, anavuka uwanja, anaingia kwenye chumba cha mashine. Tena mtu mwenyewe ni shemeji yake.

Baba akavuka uwanja baada ya kumaliza wimbo, maana mazoezi hayana mwiko, nasi tukamfuata nyuma. Akafika mlangoni akasalimia vizuri, "Mwadila," wakaitikia, halafu akamgeukia mwenye mashine. "Umechimbia nini hapa?"

"Manju, sijachimbia kitu. Ni mchezo wa Wazungu, unatumia petroli."

"Inueni."

Wakainua watu wanne, na mimi kwenye kona, nikiomba Mungu mtu asiniite bingwa. Tukaona zile pumba na mende. Baba akapapasa ardhi, akanusa vidole vyake. Akataka afunguliwe nyuma. Akaona nyaya, akaona taa nyekundu, akatikisa kichwa. Likarudishwa, likawashwa, na mchezo ukaanza.

Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama kioo. Kwanza alikuwa na hasira. Halafu ile ngoma ikaanza, du, du, du, du, na nikaona uso wake unalegea. Aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku kama mtu anayemsikiliza ng'ombe mwenye mimba. Kijana aliyecheza hakuwa mbaya, akawapunguza funza, ngoma ikaanza kukimbia. Baba akafumba macho. Ilipofika kwa yule wa mwisho, ile ngoma isiyo na nafasi, akafumbua, akasema polepole, "Hiki kijitu kinajua ngoma."

Wengine wote wangeishia hapo. Baba yangu? Thubutu. Alimwambia mwenye mashine mbele ya watu kwamba kama ni ngoma, basi ishindane kama ngoma. Siku ya mnada mkubwa, yeye na kundi lake upande huu, sanduku upande ule, tangu jua la saa nane mpaka liguse ardhi. "Nikishindwa na sanduku," akasema, "ngoma yangu naitundika darini na haitashuka." Watu wakashika vichwa. Mwenye mashine alicheka kwanza, alifikiri ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye akakubali. Mama aliposikia alisema baba amechanganyikiwa, halafu akaenda jikoni akakaa bila kuwasha moto.

Kwa sababu ngoma ndiyo iliyokuwa baba. Mashamba tulilima kama watu wote, ng'ombe walikuwa wachache, nyumba ya kawaida. Bila ngoma angekuwa mzee mmoja tu njiani. Mimi nilijua hivyo, nyumba nzima ilijua.

Siku ikafika. Baba alivaa manyoya ya mbuni kichwani, njuga miguuni, filimbi shingoni. Pembe ilikuwa imefukiwa tangu asubuhi. Mwenye mashine alitundika turubai barazani kupanua lile giza la chumba, akamweka fundi baiskeli mmoja mwenye mdomo mlangoni awatangazie walio nje yanayotokea ndani, kama mpira wa redioni. Wapi! Saa nane, saa tisa, watu wote walikuwa kwa baba. Alitoa wimbo mpya unaomcheka mtu anayefunga mbingu kwenye kabati, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa mbeba maji wa wachezaji. Niliona fahari, kichwa kikawa kikubwa kama mtungi wenyewe.

Saa kumi nikaguswa bega. Mwenye mashine. "Binti, picha inaruka. Njoo uniambie tu."

Hakunidanganya, ilikuwa inaruka kweli. Nikaweka mtungi chini. Dakika tano, nikasema moyoni, naenda kusema hapo hapo na kurudi. Nikasimama mbele ya kioo, bado, bado, rudisha, hapo hapo. Picha ikatulia. Yeye huko nyuma, kwa mazoea au kwa ujanja, mpaka leo sijui, akabonyeza swichi.

Funza wakajipanga. Ngoma ikaanza. Moja tu, nikasema.

Sijawahi kucheza vile kabla wala baada. Mikono haikuwa yangu. Nilimaliza kundi la kwanza, la pili, la tatu, na kila kundi jipya linaanzia chini zaidi, karibu zaidi na wewe. Nilipofika la nne, ambalo ndilo lilikuwa mwisho wa mtu yeyote pale Bariadi, fundi baiskeli akapandisha sauti. Nilipolipita akapiga mayowe. "Ni binti! Ni binti wa manju! Mtoto wa manju anawamaliza mbinguni!"

Hapo ndipo nikasikia miguu. Sauti ya watu wengi wanaokimbia kwenye ardhi kavu, huwezi kuikosea. Turubai likaanza kuvimba kwa migongo, pumzi zikajaa shingoni mwangu, watoto wakapenya chini ya mikono yangu. Na kwa mbali nikasikia ngoma ya baba inabadilika. Alikuwa anaongeza mwendo. Watu wamemwishia, naye alikuwa anafanya alichonifundisha, anawakimbiza wachache aliobaki nao. Huku kwenye sanduku funza nao wamebaki wachache, ngoma yao inakimbia. Ngoma mbili, somo moja, sikio hili na sikio hili.

Nilikuwa nimebakiwa na kigoda kimoja cha mwisho. Nilijua vizuri kabisa la kufanya. Nikiacha kidole kimoja kitulie kidogo tu, bomu linanipata, watu wanaguna, wanarudi kwa baba, na ngoma yake inabaki. Haikuhitaji hata ujasiri. Kutulia tu.

Sikutulia. Sina cha kujitetea na sitatafuta. Kile kitu kilikuwa kizuri mno, na nilitaka kuona kinachofuata.

Kundi la sita lilikuwa limebaki na funza mmoja ngoma ya nje iliponyamaza. Kabisa. Kisha fundi baiskeli naye akanyamaza, na yule mtu hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe. Turubai likafunguliwa, jua likamwagika kwenye kioo, picha yote ikafutika.

"Fungeni hilo, wajinga nyie!" nikafoka.

Likafungwa. Picha ikarudi, na juu ya ule mwezi wa kuchorwa nikaona kivuli kwenye kioo, manyoya ya mbuni, yanatikisika polepole. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika kiboko cha ngozi anachochezea. Manju alikuwa ametoka kwenye duara lake.

"Baba," nikasema, na nikaanza kutoa mikono.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma, taratibu kama anaongea na ndama. "Usigeuke."

Akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, pale pale alipokiweka siku ile, akaanza kupiga. Alipiga na ile ngoma ya ndani, pigo kwa pigo, na ule ubao ukaitika. Funza wa mwisho alikuwa anapita kama cheche. Sikumtazama tena. Nilisikiliza kiganja cha baba, na kwenye kiganja nikajua atakuwa wapi, nikabonyeza.

Kelele zilizopigwa ziliangusha vumbi la unga kutoka darini. Kundi la saba likajipanga, chini kabisa, karibu na vibanda. Baba akaanza kuimba. Wimbo haukuwepo, alikuwa anautunga palepale kinywani, wa funza na mwezi na mtoto wa kike mwenye moto kwenye vidole, na watu wakaupokea, na nikasikia njuga zinavuka uwanja, wachezaji wake wote wanakuja kumfuata. Walicheza barazani, walicheza kwenye foleni ya madebe, jengo lile lilitikisika. Sijui ilichukua muda gani. Bomu lilinipiga waziwazi, katikati, bila uonevu. Kioo kikaandika maneno yake ya Kizungu.

Nilipotoka nje jua lilikuwa linagusa ardhi. Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Kwenye duara la baba zilikuwa zimelala ngoma tatu na mtungi wangu, na mbwa mmoja ananusa mtungi.

Wazee wa ngoma walibishana. Mmoja alisema watu wanahesabiwa alipo manju, na manju alikuwa kule kule, kwa hiyo kashinda. Mwingine akasema aliyewavuta ni damu yake mwenyewe, sanduku lina haki gani? Hata mwenye mashine alisema kwa upande wake yameisha, hataki ushindi. Baba aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kwa heshima.

"Nilitoka kwenda kuangalia," akasema. Akabeba ngoma yake kubwa begani.

Aliitundika darini jioni ile ile, kwa kamba ya katani, na mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Hakunigombeza, na kwa kweli ningeshukuru angenigombeza. Watu walikuja kumbembeleza, mwaka ule na uliofuata. Hakuishusha. Siku za mnada akawa anavaa shati lake jeupe, anakuja kusimama nyuma yangu kwenye chumba cha mashine, kiganja ubavuni. Mvua za masika zilipokuja bati likavuja juu ya sanduku, likatoa moshi, likafa, na hakukuwa na fundi wa kitu kile mpaka Nairobi. Kwa hiyo tukabaki hatuna hili wala lile.

Mimi nikakua, nikawa fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na stendi. Baba akazeeka, macho yakaingia ukungu, na miaka yake ya mwisho alikaa kwangu, kwenye kiti kando ya cherehani, anasikiliza nikikanyaga. Siku moja adhuhuri nilikuwa napiga pindo la sare za shule, nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nimelibeba jambo lile muda mrefu mno.

"Baba," nikamwambia, "siku ile ya mnada ningeweza kufa mapema. Nilijua. Ningetulia tu, watu wangerudi kwako."

Akapapasa pindo lililolala kwenye cherehani.

"Najua kwamba ulijua," akasema. "Nilikuwa nakusikia kutoka kule kwenye duara, yule wa baiskeli ananisomea kila kitu. Nikasema, sasa mtoto huyu atanihurumia. Nikangoja nisikie unakosea." Akageuza uso upande niliokuwa. "Ungekosea kwa makusudi ningesikia. Na hilo, mwanangu, nisingekusamehe mpaka naingia kaburini."

Kisha akaniuliza kwa nini cherehani limesimama.